Mabaraza ya usalama ya wadi mjini Amu: kusikilizwa kupo, kujibiwa ndiko kuna kazi

Maoni mengi yanayoandikwa kuhusu Lamu, mji ambao wenyewe twauita Amu, ni ya hoteli za Shela, mashua za kwenda Manda Toto na mikahawa ya ukingoni mwa bahari. Huduma ninayoipima hapa haina meza wala vitanda, ila imelipiwa na kila mwenye leseni ya duka na kila anayetoa ushuru wa soko: ni baraza la usalama, yaani kikao ambacho ofisi ya wadi, ikishirikiana na chifu na polisi, huwaita wakazi waseme yanayowatia hofu mitaani mwao na waelezwe yatakayofanywa. Nimekuwa nikihudhuria vikao hivyo kama mkazi na kama mwenye duka. Wadi sitaitaja, kwa sababu niliyoyaona yanafanana sana na ninayosimuliwa na jamaa zangu wa wadi nyingine, na nia yangu ni mkazi ajue aende na matarajio gani, na afisa naye ajue mkazi anarudi nyumbani na nini.

Kwa upande wa tangazo ofisi yetu inastahili sifa. Karatasi hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, ujumbe husambazwa kwa WhatsApp, imamu huombwa atangaze baada ya sala, na kwa kuwa mji wetu ni wa punda na wa miguu, kijana hutumwa apite vichochoroni na kipaza sauti cha mkononi. Sijui mtu aliyekosa kikao kwa kutosikia. Kinachokosekana katika tangazo ni ajenda, kwani huandikwa neno "usalama" pekee, na mtu hawezi kuamua kama afunge duka au asifunge kwa ajili ya neno moja lililobeba kila kitu, kuanzia mbwa wa mitaani hadi mpaka wa Somalia. Saa nayo huwafaa watu wa ofisini zaidi. Baada ya alasiri ni wakati ambao akina mama wengi wako jikoni au wako katika biashara zao ndogo za jioni, na wavuvi, wanaofuata maji wala hawafuati saa ya ukutani, huenda wasiwepo kabisa. Ofisi ingeomba tu ratiba ya maji kutoka kwa kamati ya ufuo kabla ya kupanga siku, wavuvi wangekuwa wengi zaidi, na mashua na boti za kasi zinazotembea usiku bila taa, jambo linalowahusu wao kuliko mtu mwingine yeyote, lingejadiliwa na wenyewe badala ya kusemewa.

Kikao chenyewe hufunguliwa kwa dua, kisha hufuata utambulisho, ambao ni mrefu kupita kiasi. Afisa humtambulisha afisa, naye humshukuru aliyemtambulisha kabla ya kumtambulisha mwingine, hata jua linaanza kushuka na mkazi wa kwanza bado hajakabidhiwa kipaza sauti. Itifaki ina mahali pake kwetu, na hakuna anayependa wageni wakae bila kujulikana, lakini mtu aliyefunga duka ili asikilizwe huondoka na hisia kwamba sherehe haikuwa yake.

Zamu ya watu ikishafika, mambo hutengemaa. Msimamizi wa wadi ana subira ambayo nimeiona kwa wachache wenye vyeo: hamkatizi msemaji, hamlazimishi mzee kuacha Kiamu chake aseme Kiswahili cha ofisini, na amejizoesha kuuliza upande wa akina mama kabla ya kurudi upande wa wanaume, ambao wakiachiwa husema hadi magharibi. Katika kikao kimoja, kijana aliwaambia polisi waziwazi kwamba doria yao hupita ukingoni, kwenye taa na watalii, na haipandi mitaa ya juu ambako watu wanaibiwa. Nilitarajia akemewe. Mkuu wa kituo alikubali kuwa usiku askari wake ni wachache, akaomba atajiwe mitaa hiyo na saa ambazo wizi hutokea, akayaandika mwenyewe kwenye karatasi aliyoitoa mfukoni. Huo ni usikivu wa kweli, na ningekuwa mkosa shukrani kama nisingeutaja.

Tatizo linaanzia kwenye daftari. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameketi mkekani karibu na mlango, alisimama akasema, "Ndia ile usiku haipitiki, mwanangu," kisha akaieleza njia hiyo kama anayemwelekeza mgeni: taa ni tatu, kuanzia kona ya kisima hadi nyuma ya msikiti, ya katikati ilizimika kabla ya Ramadhani na mbili zilizobaki zikafuata, wasichana wanaotoka chuoni baada ya isha hulazimika kushikana mikono kwa sababu mtaro uko wazi, na jirani yake amenyang'anywa mkoba papo hapo mlangoni. Alitaja hata ukuta ambao waya umelegea juu yake. Nilikuwa nimeketi nyuma ya karani, nikayaona maelezo hayo yote yakiingia daftarini kwa maneno matatu: "Wakazi walalamikia giza." Fundi akitumwa kesho kwa maneno hayo, atakwenda wapi? Na mama yule akiuliza baada ya miezi miwili lalamiko lake limefikia wapi, ataonyeshwa sentensi ambayo ingeweza kuandikwa katika mji wowote wa pwani hii.

Hapo ndipo linapoingia suala la nani mwenye jukumu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloyapotezea mabaraza haya nguvu kuliko jingine lolote. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeyagawa mambo waziwazi. Polisi na usalama wa taifa ni kazi ya serikali kuu. Taa za barabara za kaunti, huduma za kuzima moto na kukabili majanga, uzoaji wa taka, leseni za vileo, udhibiti wa wanyama na udhibiti wa dawa za kulevya vimewekwa kwenye orodha ya kaunti, na jedwali hilohilo linaipa kaunti kazi ya kuhakikisha na kuratibu ushiriki wa jamii katika utawala wa mashinani. Kwa hiyo taa ya mama yule ni ya kaunti, doria ni ya polisi, na wizi ukitokea chini ya taa iliyozimika, lawama inakuwa ya wawili na wa kujibu hapatikani. Nimemsikia afisa wa polisi akisema kuwa giza ndilo linalowazuia kazi, na papo hapo nikamsikia afisa wa kaunti akieleza kwamba usalama kikatiba si kazi ya kaunti. Kila mmoja alisema kweli. Wakazi walipiga makofi mara mbili na njia ikabaki vilevile.

Si kwamba sheria haikuliona hilo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika kifungu cha 41, imeunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, ambayo huongozwa na gavana au mjumbe wa kamati yake kuu aliyemteua, na ambayo huwakutanisha wakuu wa vyombo vya usalama vya kaunti, wawakilishi kutoka bunge la kaunti, na raia wa kawaida wakiwemo wanawake, vijana, wafanyabiashara na watu wa dini. Kazi zake ni pamoja na kupendekeza vipaumbele vya polisi katika kaunti na kufuatilia mwenendo wa uhalifu, hasa ule unaowagusa wanawake na watoto. Giza la nyuma ya msikiti na wasichana wanaotoka chuoni ni mambo yanayoingia hapo moja kwa moja. Katika mabaraza niliyohudhuria, jina la chombo hicho sijalisikia likitajwa na yeyote aliyeketi meza kuu, na nadhani ni haki ya mkazi kuambiwa kama malalamiko yake hufikishwa huko au huishia daftarini.

Kuna jambo moja ambalo kikao cha wazi hakiliwezi kabisa, nalo ni dawa za kulevya. Amu ni mji mdogo, watu wameoana na kuoleana, na anayeuza unga ana shangazi aliyeketi safu ya tatu. Mama ambaye mwanawe ameharibika hawezi kusimama mbele ya kipaza sauti akataja nyumba inayouza. Atasema tu kwamba "wenye kujua wanajua", watu watatikisa vichwa, na karani hatakuwa na la kuandika. Taarifa za kweli hutolewa baada ya kikao, pembeni, wakati viti vinakusanywa na chifu amezungukwa na watu wanaomnong'oneza, na hizo haziingii katika kumbukumbu yoyote. Mpango wa Nyumba Kumi, ambao serikali iliuanzisha 2013, ulikusudiwa kuziba pengo kama hili, lakini mzee wa Nyumba Kumi naye ni jirani, ana watoto, na hufungua mlango wake usiku kama wengine. Zaidi ya hayo, ipo hofu ambayo haisemwi kwa sauti, kwamba ukitaja jina Jumatatu, Jumatano utaulizwa sokoni kwa nini ulilitaja.

Ningependa ofisi iache kabisa kuliweka suala la unga katika baraza la wazi, ambako huzaa hotuba tu, na badala yake ifanye vikao vidogo vya akina mama peke yao, na vingine vya vijana wenyewe, wakiwemo wanaojaribu kuacha, pamoja na kumtangaza afisa mmoja, kwa cheo chake, ambaye ndiye atakayepokea taarifa na ndiye atakayebeba lawama zikivuja.

Maafisa wageni hulalamika kwamba watu wa hapa wanasita kusema na wanasita hata kutia sahihi. Wanaosita wana sababu. Kaunti hii imeona mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, yaliyoua watu zaidi ya 60, na baada yake ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku iliyodumu miezi. Imeona uvuvi wa usiku ukipigwa marufuku kwa miaka kadhaa kwa jina la usalama, huku familia zinazoishi kwa bahari zikitafuta pa kushika, na imeona operesheni ya vyombo vya usalama ya kuwasaka al-Shabaab katika msitu wa Boni ikianza 2015. Katika hayo yote, wakazi waliarifiwa baada ya wengine kuamua. Upande wa pili, watu haohao waliupinga mradi wa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, na tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ikaifuta leseni yake, sababu mojawapo kubwa ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mahakama Kuu iliyoketi Malindi ilikuwa imetoa hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu. Mkazi wa Lamu anayeingia barazani anajua tofauti ya kuulizwa na kuarifiwa, na anajua kwamba tofauti hiyo ina uzito mahakamani.

Ndiyo maana ile karatasi ya mahudhurio ni jambo kubwa kuliko wanavyodhani wanaoipitisha. Hapa kwetu huzungushwa mwanzoni, aghalabu ikiwa mistari mitupu isiyo na kichwa cha habari, ina nafasi ya jina, nambari ya kitambulisho, simu na sahihi. Wapo wazee wanaoipitisha kwa jirani bila kuigusa, kwa kuwa wanaogopa kesho itaambatishwa kwenye hati nyingine na kuitwa ushahidi kwamba walikubali. Dawa yake haigharimu hata shilingi: iandikwe juu tarehe, mahali na mada ya kikao, na iongezwe sentensi moja kwamba sahihi ni ya kuthibitisha kuhudhuria na haimaanishi kukubali lolote.

Nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu, kikao bora nilichowahi kuhudhuria kilikuwa cha wazima moto. Nyumba zetu ni za mawe, lakini juu yake zimejaa makuti na ndani yake boriti, nazo zimebanana kiasi kwamba cheche ya jiko la mtu mmoja ni msiba wa mtaa mzima. Na gari la zimamoto, hata lingekuwa jipya kiasi gani, haliwezi kuingia vichochoroni, kwa hiyo kinachotegemewa ni pampu ya kubebwa, mipira ya maji na miguu ya watu. Maafisa wale hawakuhutubia. Waliuliza swali moja: kichochoro gani, katika mtaa gani, kimezibwa na mawe au mchanga wa ujenzi kiasi cha watu wanne wenye pampu kushindwa kupita? Majibu yalimiminika, kila mtu akitaja nyumba anayoijua, yakaandikwa mtaa kwa mtaa, na mbele yetu akatajwa afisa wa kufuatilia na siku ya kurudi kukagua. Lundo la mchanga lililokuwa karibu na duka langu liliondolewa, na mwenye ujenzi, ambaye tulikuwa tumemsema kwa muda mrefu bila mafanikio, alikuja kuomba radhi. Watu ni walewale na uwanja ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba swali lilikuwa la wazi, na jibu lilikuwa na mwenyewe na siku yake.

Kuhusu taa, kimya kilipozidi, watu wachache wa mtaa tuliketi tukaandika barua mbili. Ya kwanza ilikuwa lalamiko rasmi kwa kaunti, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, ambayo kifungu chake cha 88 kinampa mwananchi haki ya kuwasilisha lalamiko kwa maandishi, na cha 89 kinazitaka mamlaka za kaunti zilijibu bila kuchelewa. Ya pili iliomba nakala ya kumbukumbu za kikao na maelezo kuhusu matunzo ya taa hizo, kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Sheria hii ni rahisi kutumika kuliko wengi wanavyofikiri: ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, mwombaji halazimiki kueleza sababu, asiyejua kuandika anatakiwa asaidiwe na afisa mwenyewe, na jibu linapaswa kutoka ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Karani aliyepokea barua alizisoma zote mbili akiwa amesimama, akatuuliza kama tuna wakili. Tulimwambia hatuna.

Jibu lilikuja katika muda wa sheria, likiwa ukurasa mmoja. Kumbukumbu za kikao zilikuwa fupi kama nilivyohofu, lakini maelezo ya taa yalikuwa kamili: zilifungwa chini ya mradi ambao muda wake wa matunzo ulikuwa umekwisha, hapakuwa na mkataba mpya wa fundi, na ukarabati ulikuwa umependekezwa uingizwe katika bajeti ya nyongeza. Habari yenyewe si ya kufurahisha. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza tulijua tumuulize nani, kuhusu nini, na kikao cha bajeti kilipoitishwa tulikwenda tukiwa na ukurasa huo mkononi. Kinachonikera ni kwamba maelezo haya yalikuwepo ofisini siku ambayo mama yule alisimama kusema, na yangeweza kutolewa palepale na mtu yeyote aliyejiandaa.

Nikitakiwa kutoa alama, kwa kusikiliza nawapa nne kati ya tano, kwa tangazo nne pia, na kwa kurudisha majibu siwezi kupita moja na nusu. Vikao vya mada moja, kama kile cha wazima moto, navipendekeza kwa kila mkazi. Vile vinavyoitwa "usalama" bila maelezo, mtu aende akijua kwamba atasikilizwa kwa adabu na pengine asisikie tena habari ya alilolisema.

Anayekwenda aandike lalamiko lake kabla ya kutoka nyumbani, ataje mtaa, alama ya mahali na saa, atoe nakala mbili, moja ampe karani na nyingine aombe igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha aondoke nayo. Akina mama wasiopenda kusema mbele ya watu wanaweza kuipeleka barua ofisini siku nyingine yoyote ya kazi. Mlango hufunguliwa saa mbili asubuhi, na mwenye muhuri hupatikana zaidi kabla ya adhuhuri.